Mbona Wewe Umefika?

Nafanya kazi na watu wenye akili nyingi, na ninawaheshimu kwa dhati. Ofisi yetu iko Posta, Dar es Salaam, na shughuli yetu ni kukokotoa hatari za bima: gari la aina gani hupata ajali zaidi, mteja wa umri gani atozwe kiasi gani, fedha ngapi ziwekwe akiba kwa madai ambayo bado hayajaletwa. Ukipeleka ripoti iliyojaa "inaonekana" na "wengi wanasema", inarudishwa siku hiyohiyo. Wanataka namba, na wanataka kujua namba hiyo imezaliwa wapi. Takwimu nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini kuzitilia shaka nimejifunzia hapa, kwa watu hawa.

Ndiyo maana inaniuma kuona shaka hiyo inavyokauka pale mazungumzo yanapogeukia nani ana nini, na kwa nini anacho.

Siku moja mchana tulikuwa tunakula kwa mama lishe nyuma ya jengo letu. Kaka mmoja, ambaye kwa fomula anatuzidi wote, akatuambia kwamba dada wa kazi wa nyumbani kwake ameomba kuongezewa mshahara. Alikuwa anamlipa shilingi 80,000 kwa mwezi, na alisema, kwa haki kabisa, kwamba amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kuwa shilingi 60,000. Kwa hiyo yeye alikuwa juu ya sheria. "Mimi siangalii hisia, naangalia data," akasema. "Mabinti wanaotafuta kazi hiyo ni wengi, bei iko chini. Soko limeshasema."

Nikamuuliza kwa nini ni wengi.

"Hawakusoma."

Kwa nini hawakusoma?

"Dada yangu, wengine ni wavivu na wengine uwezo ni mdogo. Sasa wewe umetoka Kilolo huko Iringa. Mbona wewe umefika?"

Wote mezani wakaitikia. Swali hili nimeulizwa tangu niingie chuo, na kila anayeniuliza huwa na nia njema, anadhani ananisifu. Naomba tulitazame kama tunavyotazama kazi zetu wenyewe. Mtu akija na makadirio ya vifo aliyoyapata kwa kuhesabu wateja waliofika kaunta kulipa ada ya bima, hatutamruhusu hata amalize kuongea. Waliokufa hawafiki kaunta. Mimi ndiye niliyefika kaunta. Naonekana kwa sababu nilifika, na wale ambao habari zao zingemjibu kaka huyu hawali mchana Posta.

Darasa la saba nilikaa dawati moja na binti aliyenizidi hesabu. Mwalimu aliniita ubaoni kwanza, nikikwama anamwita yeye, naye alikuwa hakwami. Sote tulifaulu. Sote tulichaguliwa kwenda shule ya kata iliyofunguliwa mwaka 2006, jirani na kijiji chetu, ikiwa na madarasa mawili na bila maabara. Ada ya shule za kutwa wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na nikiitaja ofisini watu wananiangalia kama natania. Lakini fomu ya kujiunga ilikuja na orodha yake: sare, viatu vyeusi, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, mchango wa dawati, mchango wa mlinzi. Kwao walikuwa watoto sita na mama peke yake. Kwetu kulikuwa na shangazi, mwalimu wa shule ya msingi Mafinga, ambaye mshahara wake wa serikali uliingia kila mwisho wa mwezi hata mvua isiponyesha. Januari mimi nikavaa sketi mpya. Mwenzangu akapanda basi kuja Dar es Salaam kulea mtoto wa watu, na aliyekuja kumchukua alimwambia mama yake maneno ambayo bado nayasikia mjini hadi leo, kwamba mabinti wa Iringa wanafaa sana kwa kazi za ndani.

Sasa mwenzangu huyo ana genge lake Mbagala. Ukimkuta asubuhi anagawa tenga la nyanya kwenye mafungu, ameshatoa zilizooza, ameshaweka nauli ya bodaboda, ameshajua fungu la shilingi 500 liwe na nyanya ngapi ili jioni asirudi na hasara, na hana hata kalamu. Huyo ndiye mwenye "uwezo mdogo" katika sentensi ya kaka yangu wa ofisini. Tofauti kati yangu na yeye ni shangazi. Naweza kuongeza bidii yangu, kukesha kwangu, na koroboi iliyonichoma nyusi nikijiandaa na mtihani wa kidato cha nne, na yote hayo ni kweli. Ila bidii ya kukesha hupimwa kwa aliyepewa daftari la kukeshea.

Kaka huyu naye alikesha. Simnyimi jasho lake. Alisoma shule ya msingi ya Kiingereza, kisha sekondari ya bweni yenye maabara tatu, na likizo alipelekwa kwenye masomo ya ziada. Anaishi Mikocheni katika nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja ambacho baba yake alikipata zamani akiwa mtumishi wa serikali, na hajawahi kulipa kodi ya pango maishani mwake. Haya yote anayasema mwenyewe, hafichi. Lakini akisimulia alivyofika alipo, kinachotoka mdomoni ni usiku wa kidato cha sita, miguu ndani ya beseni la maji baridi asisinzie. Usiku ule aliuhisi mwilini. Kiwanja hakikumchosha hata siku moja, kwa hiyo hakimo katika hesabu yake.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mezani kwetu ilikuwa sikukuu. Baraza la Mitihani lilikuwa linatangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, na majina kama St. Francis ya Mbeya, Marian na Feza yalijirudia. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza orodha hizo. Kaka yangu alikasirika kweli, akasema tunaogopa ukweli. Mimi nilifurahi, na nilimweleza sababu. Shule zile zinastahili heshima, walimu wake wanafanya kazi kubwa. Ila orodha ile iliwapanga pamoja watoto waliochujwa kwa mtihani wa kuingia, wanaolala bwenini na kula mara tatu, na watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha walipoingia kidato cha kwanza wakakuta kila somo likiwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Nakumbuka kipindi chetu cha kwanza cha biolojia. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili herufi moja moja, na hakuna aliyeuliza swali, kwa sababu hata swali lilitakiwa liulizwe kwa Kiingereza. Mgeni angetuona tumekaa kimya akaandika kwamba wanafunzi hawa hawana udadisi. Nje wakati wa mapumziko tulibishana mpaka kengele: mbona mahindi ya bondeni yanakuwa ya kijani zaidi kuliko ya mlimani?

Halafu kuna matokeo ya 2012. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni yalipotangazwa, Februari 2013. Takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata divisheni sifuri, yaani walifeli. Nchi nzima ilipigwa butwaa, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, na baadaye serikali ikayafuta matokeo yale na kuyapanga upya kwa viwango vingine. Maelfu ya vijana waliokuwa na sifuri wakatoka kwenye sifuri. Karatasi zao za majibu zilikuwa zilezile, hakuna aliyeongeza hata nukta. Kwa mtu wa takwimu hili ni jambo la kumkosesha usingizi, maana kipimo kilisogezwa na "uwezo" wa watu ukasogea nacho. Na tusisahau vijana wale walitoka wapi. Mpango wa sekondari ulioanza 2004 ulizalisha shule za kata kwa kasi hadi sekondari nchini zikapita 4,000 kufikia 2010, jambo jema ambalo bila lenyewe mimi nisingesoma. Lakini majengo yaliwatangulia walimu. Wengi tulifundishwa na vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa kozi fupi, wale tuliowaita voda fasta. Walijitahidi. Yule wa kwetu alifundisha hesabu, fizikia na kemia peke yake.

Mezani kwetu, miaka yote hii, matokeo yale yanatajwa kama ushahidi kwamba watoto wa kizazi kile hawakutaka kusoma.

Nimekuwa nikijiuliza inakuwaje mtu mwenye kipaji cha kunusa kosa kwenye jedwali la kurasa arobaini asinuse hili. Zamani nilidhani akili ingetosha, kwamba mtu akijua mitego ya fikra basi hainaswi nayo. Utafiti hausemi hivyo. Mwaka 2002 Emily Pronin na wenzake walionyesha kwamba watu wanaona upendeleo kwa wengine kirahisi kuliko kwao wenyewe. Hilo halikunishangaza. Lililonishangaza lilikuja 2012, pale Richard West, Russell Meserve na Keith Stanovich walipotazama kama wenye uwezo mkubwa wa kufikiri wana upofu huo kwa kiasi kidogo. Hawakuwa nao kwa kiasi kidogo. Ulielekea hata kuwa mkubwa zaidi.

Mwaka uliofuata Dan Kahan na wenzake waliwapa zaidi ya Wamarekani 1,000 jedwali dogo la namba nne. Wengine waliambiwa ni matokeo ya dawa ya kupaka kwa ajili ya vipele, wengine wakaambiwa ni matokeo ya sheria ya kudhibiti bunduki. Namba zilikuwa zilezile. Kwenye dawa, waliokuwa wazuri kwa hesabu walipata jibu sahihi zaidi, kama unavyotegemea. Kwenye bunduki, haohao wazuri wa hesabu ndio waliotengana zaidi kufuata kambi zao za siasa. Walitumia hesabu yao kwa bidii pale jibu la harakaharaka lilipowaudhi, na lilipowapendeza wakaishia hapo. Nikisoma hayo namwona kaka yangu waziwazi. Ningemletea namba kwamba shule za kata zinafanya vibaya, angezipokea. Nilipomletea swali la nani alikuwa na maabara, ghafla akataka sampuli kubwa zaidi, muda mrefu zaidi, kundi la kulinganisha.

Na kuna jaribio la Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen, la 2007, ambalo naona kila mwajiri angelisoma. Watu walipewa kazi ya kumtathmini mwombaji wa nafasi ya meneja wa kiwanda, wengine wakipewa jina la kiume, wengine la kike, sifa zikiwa sawa. Baadhi yao waliulizwa kwanza maswali yaliyowafanya wajione ni watu wanaopima mambo bila upendeleo. Hao ndio waliompendelea mwanaume zaidi. Kujiona huna upendeleo kuliwapa ruhusa ya kuliamini kila wazo lililowapitia kichwani.

Niliyaeleza haya mezani. Kisha nikasema, kwa Kiswahili cha nyumbani, kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kaka yangu akajibu kwa upole, "Methali si data."

Sawa. Basi tutazame waliokuwa na data.

Nairobi, miaka ya 1930. Daktari F. W. Vint wa maabara ya utafiti wa tiba anapima bongo za Waafrika waliokufa. Anazipima uzito, anapima unene wa utando wa nje kwa hadubini, anaandika jedwali. Mwaka 1934 anachapisha katika jarida la anatomia la Uingereza kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya ni mwepesi na utando wake ni mwembamba kuliko wa Mzungu. Mwenzake, H. L. Gordon, aliyekuwa akisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, anahubiri kwamba akili ya Mwafrika ina ukomo wa kuzaliwa, na anatilia mashaka kumpa Mwafrika elimu ya Kizungu. Mwaka 1933 Wazungu wa Nairobi wanaunda chama cha kujifunza namna ya kuboresha mbari, yaani kizazi cha watu kwa kuchagua nani azae. Hawakuwa walevi wa mtaani waliokaa wakitukana watu. Walikuwa madaktari, wasomi, watu waliojivunia kwamba wao hufuata vipimo na hawafuati huruma.

Sasa angalia kilichokuwa nje ya dirisha la maabara. Kenya ya wakati ule mwanamume Mwafrika alitembea na kipande, hati ya utambulisho, shingoni, analipa kodi ya kibanda, ardhi nzuri ya nyanda za juu imetengwa kwa ajili ya walowezi. Nzige walikuwa wamepita, na bei za mazao zilikuwa zimeporomoka na uchumi wa dunia. Vint hakulinganisha watu waliokula sawa na kutibiwa sawa. Na wala haikuwa kwamba hakuna aliyefikiria chakula. Mwaka 1931, miaka mitatu kabla, John Boyd Orr na John Gilks walikuwa wamechapisha utafiti juu ya afya na miili ya Wamasai na Wakikuyu, walioupima kwa kuangalia kinacholiwa: maziwa na nyama upande mmoja, nafaka na mizizi upande mwingine. Gilks alikuwa mkuu wa idara ya tiba ya Kenya hiyohiyo. Maelezo ya lishe yalikuwepo nchini, yameandikwa kwa Kiingereza, yamechapishwa. Wapimaji wa bongo walikuwa na hadubini nzuri, na bado walichagua maelezo yaliyouacha mpangilio wa nchi jinsi ulivyokuwa, na wao juu yake.

Haikuishia hapo. J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari baadaye, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na ndani yake akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake ya kwa nini kuna Mau Mau, naye akayatafuta ndani ya akili za Waafrika. Watu walikuwa wanadai ardhi.

Simlinganishi mwenzangu na Vint kwa roho. Kaka huyu ni mtu mwema. Mama yangu alipolazwa alikuja hospitali na matunda, akakaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Ninachokifananisha ni njia ya hoja. Unachukua watu ambao nchi imewapanga chini, unapima walivyo wakiwa hukohuko chini, kisha unasema namba imeonyesha kwamba hapo ndipo mahali pao. Francis Galton, mwanasayansi Mwingereza, alifanya hivyo huko London mwaka 1869 alipohesabu familia za majaji na watu mashuhuri, akaona umashuhuri unarithiwa, akahitimisha kwamba kipaji ndicho kinachorithiwa. Galton mwenyewe alirithi mali ya baba yake akiwa na umri wa miaka 22 na hakuhitaji kuajiriwa maisha yake yote. Fomula tunazotumia ofisini kila siku zina mkono wake, na nazitumia. Ila nikiona mtu amerithi nyumba halafu anahesabu vipaji, nataka kuona nyumba hiyo kwenye safu ya jedwali.

Mezani tulishindwa kukubaliana, kwa hiyo nimelipeleka kazini, mahali ambapo linaweza kupimwa. Kila Julai tunapokea wanafunzi wa vyuo kwa mafunzo kwa vitendo. Nimependekeza kwenye kikao kwamba kabla ya usaili majina ya shule za sekondari yafunikwe kwenye wasifu, na waombaji wote wafanye zoezi moja la kukokotoa, kila mmoja kwa lugha anayoitaka, Kiswahili au Kiingereza. Jibu la kwanza lilikuwa nililolitegemea: hapa hatupendelei, tunaangalia uwezo tu. Nikaomba kuona tulichotumia kujua hivyo. Hakikuwepo.

Meneja ameniruhusu nichambue mafaili ya wanafunzi wa miaka iliyopita. Ninachotafuta ni hiki. Kama kweli hatupendelei, wanafunzi tuliowapokea kutoka shule za kata watakuwa wamepata tathmini za mwisho zinazolingana na za wenzao. Kama tulikuwa tunawawekea kizingiti cha juu bila kujua, basi wachache waliokivuka watakuwa wamewazidi wenzao, maana tulikuwa tunamchukua yule tu aliyetushinda nguvu kwa ubora wake. Nimemwomba kaka yangu akague fomula, na amekubali, na najua atazikagua kwa uaminifu wote. Nimemwomba pia, kabla hatujafungua faili hata moja, aandike kwenye karatasi ni matokeo gani yatakayomfanya abadili mawazo yake. Bado anafikiria.

Yangu nimeshaiandika na iko mezani kwa meneja. Kama wanafunzi wa shule za kata tuliowapokea hawakuwazidi wenzao, naondoa hoja ya kufunika majina kwenye kikao cha Juni. Zoezi la lugha mbili siliondoi kwa matokeo yoyote yale.